Kutoka Msalaba hadi Shahada: Athari za Kibizanti katika Sarafu za Mwanzo za Kiislamu na Kilichobaki Chake katika Sarafu za Kilwa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna sarafu za mwanzo za Kiislamu zilivyotokana na sarafu za Dola ya Bizanti na namna zilivyojitenga nazo, kisha yanafuatilia kilichobaki cha urithi huo katika sarafu za pwani ya Afrika Mashariki, hususan za Shanga, Mtambwe Mkuu na Kilwa. Hoja inayotetewa ni kwamba athari ya Kibizanti haikukoma pale sura za wafalme na misalaba zilipoondolewa mwaka 77 Hijria (696/697). Ilihamia katika mambo ambayo jicho haliyaoni kwa haraka: majina ya sarafu, mgawanyo wa kazi baina ya dhahabu na shaba, mpangilio wa maandishi, na desturi ya kuifanya sarafu itamke itikadi ya dola. Makala pia yanapinga maelezo yaliyozoeleka kwamba sarafu za Kiislamu hazikuwa na sura tangu mwanzo kwa sababu dini ilikataza.

Utangulizi

Mtafiti amekulia Tunduma, mji wa mpakani katika mkoa wa Songwe, ambako shilingi ya Tanzania na kwacha ya Zambia hupita katika mikono ileile siku nzima. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu katika fedha yake: noti ya kwacha 50,000 ikawa sawa na noti mpya ya kwacha 50. Hadi mwisho wa Juni mwaka huo noti za zamani na mpya zilitumika pamoja. Mama mkubwa wa mtafiti, aliyekuwa akiuza mchele wa Kamsamba kwa wateja waliovuka kutoka Nakonde, hakuwa na tabu na hesabu. Tabu yake ilikuwa kuamini. Alichokitazama kwanza katika noti mpya hakikuwa tarakimu bali picha ya furukombe, yule tai mla samaki aliyekuwapo pia katika noti za zamani. Alipomwona, aliipokea.

Kisa hiki hakina uzito wa ushahidi wa kihistoria, wala hakiletwi hapa kwa nia hiyo. Kinaletwa kwa sababu kinaliweka wazi swali ambalo watafiti wengi wa sarafu hulipita haraka. Mtawala mpya anapotaka kutoa fedha yake, anaweza kubadili mambo mangapi kwa wakati mmoja kabla watu hawajaikataa? Swali hili ndilo lililowakabili makhalifa wa Bani Umayya katika nchi ya Shamu katika karne ya 7.

Fedha iliyokutwa Shamu

Waarabu wa Hijazi hawakuwa wakifua sarafu zao wenyewe kabla ya Uislamu. Walizifahamu vizuri sarafu za majirani, na Kurani yenyewe inaitaja dinari katika Sura ya Al-Imran na dirhamu katika Sura ya Yusuf. Dinari waliyoijua ilikuwa ya Bizanti. Dirhamu ilikuwa ya Wasasani wa Uajemi. Baada ya vita vya Yarmuk mwaka 636 Shamu iliingia mikononi mwa Waislamu, na kufikia mwaka 642 Misri pia. Watawala wapya waliwaacha makarani wa Kigiriki waendelee na kazi zao za hesabu na kodi, na fedha pia iliachwa ilivyokuwa.

Sarafu kuu ya dhahabu ya Bizanti, inayoitwa solidus kwa Kilatini na nomisma kwa Kigiriki, ilianzishwa na Constantine wa Kwanza mwanzoni mwa karne ya 4. Ratili moja ya Kirumi ya dhahabu ilitoa sarafu 72, kila moja ikiwa na uzito wa takriban gramu 4.5, na kiwango hicho kililindwa kwa karne nyingi. Katika miaka ya mwisho ya Mfalme Heraclius, aliyetawala kuanzia 610 hadi 641, upande wa mbele ulionyesha watu watatu waliosimama, yaani mfalme na wanawe wawili, kila mmoja akiwa na msalaba. Upande wa nyuma ulikuwa na msalaba uliosimikwa juu ya ngazi tatu. Sarafu ya shaba, iliyoitwa follis, ilikuwa na herufi kubwa M upande wa nyuma. Katika hesabu za Kigiriki herufi hiyo ni tarakimu 40, nayo ilionyesha kuwa sarafu ile ina thamani ya vipande vidogo 40 vya shaba.

Kwa mkulima wa Hims au mfanyabiashara wa Dameski, alama hizi zote zilikuwa zimekwisha kuwa fedha yenyewe. Hakuhitaji kujua kuwa M ni arobaini. Ilimtosha kujua kwamba shaba isiyo na M ina walakini. Ushahidi wa fikra hii umo katika maandishi ya Kisiriani yanayojulikana kama Tarikhi ya Wamaroni, yaliyoandikwa katika karne hiyohiyo ya 7. Mwandishi wake anaeleza kwamba Muawiya alitoa sarafu za dhahabu na fedha, lakini watu hawakuzipokea kwa kuwa hazikuwa na msalaba. Taarifa hii fupi ina thamani kubwa kuliko kurasa nyingi za wanahistoria wa baadaye. Inaonyesha kwamba jaribio la kuubadili uso wa sarafu lilifanyika mapema, na kwamba soko ndilo lililolishinda.

Msalaba uliokatwa mikono

Kilichofuata kinasomeka katika sarafu zenyewe, na ndiyo sehemu ya historia hii inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi.

Hatua ya kwanza ilikuwa ya kuiga. Mafundi wa Shamu walifua shaba zilizofuata zile za Constans wa Pili, mjukuu wa Heraclius, mara nyingi kwa maandishi ya Kigiriki yaliyovurugika kiasi kwamba hayasomeki. Hatua ya pili iliingiza jina la mji, kwa Kigiriki na kwa Kiarabu pamoja. Sarafu za Baalbek zina jina la kale la Kigiriki, Heliopolis, na jina la Kiarabu. Zile za Hims zina picha ya mfalme wa Kibizanti, na kando yake limeandikwa neno la Kigiriki kalon, yaani “nzuri”, na kwingine katika sarafu hiyohiyo neno la Kiarabu tayyib, lenye maana ileile. Hivyo sarafu moja inathibitisha uhalali wake kwa lugha mbili, chini ya sura ya mfalme ambaye hakuwa tena na mamlaka katika mji huo. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa dola changa inayoomba imani kutoka kwa fedha ya dola iliyoondoka.

Katika dhahabu mabadiliko yalikuwa ya taratibu zaidi. Kuna dinari zinazoendelea kuonyesha watu watatu wa Heraclius, lakini misalaba katika taji na mikononi imeondolewa. Upande wa nyuma ngazi zimebaki palepale, na nguzo imebaki ikisimama juu yake. Kilichoondolewa ni ule mti wa kukingama. Msalaba umekatwa mikono, ukawa fimbo yenye kitufe juu. Anayeitazama sarafu hii kwa haraka sokoni ataiona ileile aliyoizoea, ilhali anayeitazama kwa makini atatambua kwamba kitu kimeondolewa. Katika toleo jingine la sarafu hizi, shahada kwa Kiarabu imezungushwa ukingoni mahali ambapo palikuwa na maneno ya Kilatini kuhusu ushindi wa mfalme.

Kati ya mwaka 74 na 77 Hijria zikatoka dinari za namna nyingine. Watu watatu wakaondolewa, mahali pao akawekwa mtu mmoja mwenye ndevu na nywele ndefu, amevaa joho na kushika upanga ulio ndani ya ala yake. Wataalamu wengi wanamwita “khalifa aliyesimama”, na shaba za aina hii zilizofuliwa katika miji kadhaa ya Shamu zina jina la Abd al-Malik bin Marwan. Wapo waliopendekeza tafsiri nyingine, akiwamo Robert Hoyland, aliyedai kuwa sura hiyo ilikusudiwa kumwakilisha Mtume. Mtafiti anaona kuwa kule kuwapo kwa jina la khalifa katika shaba kunaipa uzito zaidi tafsiri ya kwanza. Hata hivyo, kwa hoja ya makala haya lililo muhimu ni jambo ambalo pande zote mbili zinalikubali: miaka 60 na zaidi baada ya kufariki Mtume, dola ya Kiislamu ilikuwa bado inafua sarafu zenye sura ya mtu. Kwa hiyo, kauli inayorudiwa mara kwa mara katika vitabu vya shule na hata katika baadhi ya tasnifu, kwamba sarafu za Kiislamu hazina sura kwa sababu ya katazo la dini, inaruka kizazi kizima cha ushahidi wa metali.

Mwaka wa 77

Mwaka 77 Hijria sura ziliondolewa zote katika dhahabu. Miaka miwili hivi baadaye ikafuata fedha. Dinari mpya ilikuwa na maandishi matupu, kwa hati ya Kikufi. Katikati ya upande wa mbele palikuwa na tamko la upweke wa Mungu asiye na mshirika. Ukingoni utume wa Muhammad, kwa maneno yaliyotokana na Sura ya At-Tawba. Upande wa nyuma palikuwa na maneno ya Sura ya Al-Ikhlas yanayokana kwamba Mungu amezaa au amezaliwa, na ukingoni mwaka wa kufuliwa. Halikuwamo jina la khalifa, wala jina la mji. Ukingo, ambao fundi wa Kibizanti aliutumia kwa jina na sifa za mfalme, sasa uliandikwa aya na tarehe.

Uteuzi wa aya hizo haukuwa wa kubahatisha. Maneno hayohayo dhidi ya wazo la mwana wa Mungu yameandikwa pia ndani ya Kuba la Mwamba huko Yerusalemu, lenye tarehe ya mwaka 72 Hijria. Sarafu iliyokuwa imebeba msalaba ikapewa sasa maneno yanayoujibu msalaba. Hapa ndipo tunaposhawishika kusema kwamba dinari ya mwaka 77 ni ya Kibizanti kuliko inavyoonekana: inajibu swali ambalo sarafu ya Bizanti ndiyo iliyoliuliza.

Mwanahistoria al-Baladhuri, aliyefariki mwaka 892, anasimulia chanzo cha mageuzi hayo. Mafunjo ya kuandikia yalikuwa yakipelekwa Bizanti kutoka Misri, na dinari zikarudi kama malipo. Abd al-Malik alipoamuru maneno ya Kiislamu yaandikwe kichwani mwa mafunjo hayo, mfalme wa Bizanti alitishia kuandika matusi dhidi ya Mtume katika dinari zake. Khalid bin Yazid akamshauri khalifa azipige marufuku dinari za Wabizanti na afue zake. Kwa upande wa pili, mwandishi wa Kigiriki Theophanes anaihusisha vita iliyozuka mapema katika miaka ya 690 na kukataa kwa Mfalme Justinian wa Pili kuipokea sarafu mpya ya Waarabu. Ni mfalme huyohuyo aliyeweka sura ya Kristo upande wa mbele wa sarafu yake ya dhahabu, jambo ambalo halikuwa desturi kabla yake.

Masimulizi haya mawili yanavutia, na bila shaka yanahifadhi kumbukumbu ya mvutano wa kweli. Lakini hayawezi kubebeshwa mzigo wote wa maelezo. Sarafu zinatuonyesha majaribio ya miaka mingi: kuiga, kuandika jina la mji, kukata msalaba, kuzungusha shahada, kumsimamisha khalifa. Uamuzi wa mwaka 77 haukutokana na hasira ya siku moja. Ulikuja baada ya watu wa Shamu kuzoeshwa, hatua kwa hatua, kuipokea sarafu ambayo kila toleo lilikuwa na umbizanti pungufu kidogo kuliko lililotangulia. Tofauti na jaribio la Muawiya, safari hii ilifanikiwa.

Jambo moja zaidi kuhusu uzito. Dinari ya mageuzi ilikuwa na gramu 4.25, pungufu ya nomisma. Kwa tofauti hiyo ndogo sarafu mbili hizo hazikuweza tena kuhesabiwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja; ililazimu zipimwe. Mpaka wa fedha ulichorwa kwa mizani.

Kilichobaki baada ya sura kuondoka

Tukiitazama sasa sarafu isiyo na sura, tunaweza kuuliza nini ndani yake ni cha Bizanti. Majina kwanza. Dinari ni denarius ya Kirumi. Dirhamu ni drakhma ya Kigiriki iliyopitia Uajemi. Sarafu ya shaba iliitwa fals, na wingi wake fulus, neno linalotokana na follis ileile yenye herufi M. Neno hilo liliingia katika Kiswahili kama fulusi, kwa maana ya pesa kwa jumla. (Wavuvi wa pwani wanalitumia neno kama hilo kwa samaki pia, jambo ambalo limewahi kumchanganya mtafiti huyu wa bara zaidi ya mara moja.) Hivyo mshairi wa pwani anayelalamika kwamba hana fulusi anatamka, bila kujua, jina la shaba ya Constantinople.

Pili ni mgawanyo wa kazi. Bizanti dhahabu ilikuwa ya dola nzima, na uzito wake ukalindwa. Shaba ilikuwa ya soko la kila siku, na uzito wake ukapanda na kushuka bila fujo kubwa. Bani Umayya waliurithi mgawanyo huu. Dinari zao hazikutaja mji, lakini shaba zao zilitajwa kwa miji na hata kwa magavana. Tatu ni mpangilio: sentensi katikati, sentensi ya kuzunguka ukingoni. Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, ni wazo lenyewe kwamba sarafu ni mahali pa dola kutangaza imani yake.

Mfano wa karibu nasi unaonyesha kwamba mbinu hii si ya karne ya 7 pekee. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipotoa pesa za shaba mwaka 1890, iliweka tai wa dola ya Ujerumani upande mmoja, na upande wa pili maandishi ya Kiarabu pamoja na mwaka wa Hijria, 1307. Rupia yake ya fedha ilifuata uzito wa rupia ya India iliyokwisha kuaminiwa pwani. Baadaye Wajerumani waliigawa rupia hiyo katika heller 100, na neno lake, hela, bado ndilo litumikalo Tunduma hata kwa anayehesabu kwacha.

Shanga, Mtambwe Mkuu na Kilwa

Afrika Mashariki iliupata urithi wa Kirumi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa Aksum, ambako Mfalme Ezana katika karne ya 4 aliondoa alama ya mwezi na duara katika sarafu zake na kuweka msalaba, huku dhahabu yake ikiandikwa kwa Kigiriki. Pwani ya Waswahili haikufuata njia hiyo. Ilipoanza kufua sarafu, mfano iliokuwa nao ni ule uliokwisha kusafishwa sura huko Dameski.

Huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, uchimbuaji ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 ulitoa sarafu ndogo mno za fedha zilizofuliwa papo hapo pwani. Zina maandishi pande zote mbili: jina la mtu, na kirai cha kumtegemea Mungu. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, likapatikana limbiko la sarafu za fedha zaidi ya 2,000 za aina hiyohiyo, pamoja na dinari chache za dhahabu za kutoka ng’ambo, zikiwamo za Bani Fatimiya. Limbiko hili linatuonyesha tabaka mbili zikiwa ndani ya mfuko mmoja: dinari ya kimataifa, ambayo ni mjukuu halali wa dinari ya mwaka 77, na sarafu ya mji ambayo haikujali kuiga dinari hiyo.

Haikujali, kwa maana gani? Sarafu za Shanga, Mtambwe na baadaye Kilwa hazina mwaka. Kwa kawaida hazina jina la mahali, na hazimtaji khalifa. Hazina ukingo wa maandishi ya kuzunguka kama ule wa dinari. Badala yake zina kitu ambacho si Bizanti wala Dameski iliyokuwa nacho: vina. Upande mmoja wa shaba ya Kilwa una jina la sultani na la baba yake. Upande wa pili una kirai kinachosema kwamba anamtumainia Mungu, na sifa ya Mungu imechaguliwa ili mwisho wake ulingane kwa sauti na mwisho wa jina. Jina linapobadilika, sifa nayo hubadilika. Msomaji analazimika kuigeuza sarafu ili kina kikamilike.

Sifa hii aliieleza John Walker wa British Museum katika makala yake ya mwaka 1936 kuhusu masultani wa Kilwa. Inafaa kukumbuka kwamba Walker huyuhuyu ndiye aliyeandika, mwaka 1956, orodha ya sarafu za Kiarabu-Kibizanti ambayo bado inatumiwa na kila mtafiti wa Bani Umayya. Alizishika sarafu za pande zote mbili, lakini aliziandikia katika kazi mbili tofauti. Wasomaji wake wakazisoma tofauti pia, na uhusiano baina yake ukaachwa bila kujadiliwa.

Uhusiano huo unaonekana vizuri katika shaba za al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyempokea Ibn Battuta Kilwa mwaka 1331. Kilwa ya wakati wake ilikuwa lango la dhahabu ya Sofala. Tungetarajia dola yenye dhahabu nyingi kiasi hicho ifue dinari kwa wingi. Lakini sarafu za dhahabu za sultani huyo zinazojulikana na wataalamu ni tatu tu, ilhali shaba zake ni nyingi mno. Dhahabu iliachwa ipite kwa mizani kwenda katika masoko ya nje, na shaba ndiyo iliyopewa jina la sultani na jina la Mungu kwa ajili ya soko la mjini. Huu ni mgawanyo uleule wa Bizanti na Shamu, umepinduliwa kidogo: kule dhahabu ndiyo iliyobeba tamko zito la imani, Kilwa tamko hilo lilibebwa na fulusi.

Shaba hizo zilisafiri mbali kuliko ilivyokusudiwa. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Great Zimbabwe, na tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Huko hazikuwa fedha tena. Kwa uainishaji unaotumika katika utafiti huu, sarafu kama hizo zinahesabiwa chini ya mji zilikofuliwa, si mahali zilipookotwa, na safu ya “asili ya umbo” inajazwa kwa vipengele vinne vinavyotenganishwa: metali, uzito, mpangilio na maandishi. Kwa shaba ya Kilwa, kipengele cha kwanza kinarudi hadi kwenye follis. Cha pili hakifuati kipimo cha nje, kwa kuwa uzito wa shaba hizi hutofautiana sana hata ndani ya utawala mmoja. Cha tatu, yaani nyuso mbili za maandishi bila sura, ni cha mwaka 77. Cha nne ni cha Kiarabu kwa lugha, ila utaratibu wake wa vina ni wa pwani yenyewe, na tayari umo katika vipande vya fedha vya Shanga na Mtambwe, karne kadhaa kabla ya al-Hasan bin Sulaiman.